Koti Jeupe na Maji Matano

Jumatatu, 22 Septemba 2025

Matokeo yametoka. Mikrobiolojia: saba juu ya ishirini. Famakolojia: sita. Merdi, anayekaa benchi la mbele na kufuta miwani kila likitajwa neno gumu: kumi na saba. Nimempongeza. Meno yameniuma.

Mtihani wa famakolojia ni wa mdomo. Madame Marlène ana kopo la maziwa lenye vikaratasi, kila mwanafunzi anachota swali lake. Mimi nilichota demi-vie, yaani muda ambao dawa iliyomo mwilini inapungua nusu. Miligramu nane, kila saa nne inapungua nusu. Baada ya saa nane imebaki kiasi gani? Nikasema haijabaki kitu. Nusu na nusu ni nzima, imekwisha! Madame akauliza kama mgonjwa naye amekwisha. Darasa zima likacheka. Mpaka leo sioni nilikosea wapi.

Sesheni ya pili, ya kurudia mitihani, inaanza Ijumaa na famakolojia. Baba mdogo Swedi, aliyenilea na anayenisomesha, kapiga simu kutoka Fungurume. Hakufoka. Kasema tu kwamba nikianguka tena famakolojia, kiti cha utingo kwenye lori lake kiko wazi, na ameshakifuta vumbi. Namshukuru kwa moyo wake. Lakini sitaki lori. Nataka kuwa muuguzi, nimetaka hivyo tangu nina miaka saba. Nimelia kidogo, nikanawa uso.

Jumanne, 23 Septemba

Merdi kaja kunielewesha. Bila kuitwa! Kaleta karanga. Kachora mstari unaoshuka, unashuka, halafu haufiki chini. Nimeitikia kwa kichwa mara kumi na nne. Akauliza kama nimeelewa. Nikasema nilielewa hata kabla hajaja. Akafurahi, akaenda zake. Namshukuru kwa karanga.

Kuelewa kunachukua muda mrefu. Mimi nina mpango. Ninalo koti jeupe la hospitali. Bila koti haingii mtu mtihani. Upande wa ndani, kifuani, kulia na kushoto, nimeandika kozi nzima kwa feutre, kalamu ya wino wa bluu. Herufi ndogo mno. Kazi ya saa tano! Ningezitumia saa hizo kusoma, ningechoka bure.

Jumatano, 24 Septemba

Msiba!

Nilikuwa natembea barabarani nimevaa koti, najizoeza kufungua kifungo na kuchungulia ndani bila kuonekana. Likapita lori la maji, lile linalomwagia barabara ili vumbi litulie. Vumbi la Septemba linatuua, basi nikampungia dereva mkono kwa shukrani. Akanijibu kwa honi na kwa mabomba yote mawili. Koti lote likawa tope jekundu. Nikachungulia ndani: bluu inasomeka. Nikashukuru.

Mama Laurentine, mwenye nyumba yangu, kaniona langoni. Huyu mama aliosha mawe ya shaba kule mgodini Mutoshi miaka tisa; akiona tope tu mikono yake inaanza kazi. Nikamsihi aoshe nje peke yake, ndani ni safi. Akauliza ni nguo gani yenye nje bila ndani. Beseni likaja.

Maji ya kwanza yametoka mekundu. Koti limebaki na nusu ya tope. Bluu imefifia, ila inasomeka. Nikapiga hesabu haraka: maji ya pili yataondoa nusu nyingine, tope limekwisha, nanyakua koti, naokoa kozi.

Maji ya pili. Koti bado jekundu! Nikalalamika kwamba nusu mbili ni nzima. Mama Laurentine akacheka mpaka akashika kiuno. "Zakaria, mutoto yangu, maji haikumbuke mwanzo," akasema. "Ya pili inaondoa nusu ya ile ilibakia. Ya tatu, vile vile. Kwa mawe tulikuwa tunahesabu maji tano, njo inakuwa safi. Na hata pale, kidogo inabakia."

Nimesimama nikihesabu. Nusu. Robo. Nusu ya robo. Huku kozi yangu inamwagwa bustanini. Baada ya maji ya tano koti limekuwa jeupe, halina hata neno moja. Mboga za Mama Laurentine sasa zinajua famakolojia kuliko mimi.

Nilitaka kukasirika. Lakini siku hizi mgongo unamsumbua, na bado kainama maji yote matano, kisha kanipakulia ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo. Kasema muuguzi akiwa mchafu mgonjwa hatamwamini. Hata mama yangu mzazi asingefanya zaidi. Namshukuru mama huyu, kweli namshukuru.

Alhamisi, 25 Septemba

Feutre imekauka. Muda umekwisha. Nimekariri maana ya demi-vie kwa Kifaransa mara arobaini, na kila mara neno la mwisho linanikimbia. Baba mdogo katuma ujumbe: kiti cha lori amekinunulia mto mpya.

Ijumaa, 26 Septemba

Kumi na nne! Kumi na nne juu ya ishirini!

Nimechota kikaratasi. Demi-vie, tena! Nikafungua mdomo, Kifaransa hakikutoka. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kifungo. Nikachungulia ndani. Weupe mtupu. Madame Marlène akauliza natafuta nini humo. Nikasema: maji matano.

Ikabidi niendelee. Nikamsimulia lori, beseni, tope. Nikasema mwili unaosha dawa hivyohivyo, kila mara nusu ya iliyobaki: nane, nne, mbili, moja, na baada ya maji matano kinachobaki hakina nguvu tena. Madame akaweka kalamu chini. Akauliza itakuwaje nikimpa mgonjwa kipimo kingine mapema mno. Nikasema ni sawa na kupita tena mbele ya lori lile kabla koti halijatakata. Tope jipya litakaa juu ya tope la zamani. Hapo hakucheka mtu. Kasema nimeelewa kuliko wengi waliokariri, akauliza nani kanifundisha. Nikamtaja Mama Laurentine. Kasema nimsalimie sana.

Nimempigia Baba mdogo. Nikasikia anavuta kamasi. Mto wa kiti atanitumia mimi, niukalie nikisoma. Nimelia tena. Sikunawa.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimempelekea Mama Laurentine vipande vinne vya sabuni na salamu za Madame. Akataka nimwonyeshe hiyo kumi na nne kwenye karatasi. Akaigusa kwa kidole, akasema, "Njo ya sisi bawili." Kweli kabisa, ni yetu sote wawili.

Merdi naye kanipongeza, tena kwa furaha. Kaniomba nimweleze ile habari ya beseni, eti mstari wake aliuchora kwa mazoea tu. Anataka tusome mikrobiolojia pamoja, mtihani wake, wa mdomo pia, ni Jumatano. Nimemshukuru, nikakataa. Mimi nimekaa nikatafakari sana siri ya ushindi wangu. Ni bahati! Kikaratasi kilekile mara mbili, haitokei tena. Jumatano sitegemei bahati. Mpango wangu ulikuwa mzuri tangu mwanzo. Ulikosa wino tu.

Jumapili, 28 Septemba

Shukrani za leo ni za Glodi, mchimbaji anayepanga chumba cha pili. Kanipa marqueur wanayoandikia magunia ya mawe kule depo wanakoyauza. Haitoki kwa mvua, haitoki kwa maji matano, haitoki hata kwa Mama Laurentine. Nimewaandika bakteria wote, kulia na kushoto, tangu asubuhi.

Wino umepenya kidogo mpaka nje, kifuani. Si neno. Atakayekaa mbele yangu siku hiyo ni mwalimu peke yake, na yeye majibu anayajua.