Kizimba Kisichokuwapo

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Vitu Vilivyomo Ndani ya Vitu Vingine inautangazia umma kwamba mwaka mzima uliopita hakuna gari hata moja lililopinduka kwa kibali chetu. Yale yaliyopinduka yalijipindua yenyewe bila kufuata utaratibu, na Idara haiwezi kubebeshwa dhambi za gari lisilojaza fomu.

Naandika haya mimi, Karani Mwandamizi wa dirisha namba tatu, kwa sababu mitaani yanasemwa mengi kuhusu Mheshimiwa Mkurugenzi wetu na lile gari jekundu. Wapo wanaocheka mpaka wanashika mbavu. Mimi nilikuwapo mwanzo mpaka mwisho, kalamu mkononi, na sikucheka hata mara moja.

Ilianza Jumatatu asubuhi. Dirishani alifika mama mmoja aliyevaa ovaroli iliyotobolewatobolewa na moto wa kuchomelea. Ni fundi wa vyuma, ana gereji nyuma ya kiwanda cha magodoro, na mji mzima humwita Mama Cheche. Kando yake alisimama wifi yake, mke wa kaka yake, mwanamke mwembamba ambaye siku za kazi hushona sare za shule na Jumapili hushindana mbio za magari.

"Habari za kazi, kaka," alisema Mama Cheche. "Tunaomba kibali cha kufunga kizimba ndani ya gari la mbio. Na mikanda ya usalama, ile ya pointi sita. Mashindano ni baada ya wiki tatu."

Nikamwomba anieleze kizimba ni kitu gani. Alieleza kwa mikono yote miwili. Ni mabomba ya chuma yanayopindwa na kuchomelewa ndani ya gari: tao moja nyuma ya viti, jingine likifuata kioo cha mbele, na bomba la mshazari la kuyakaza, ili gari likibiringika paa lisimlalie dereva. Mikanda nayo hupita mabega yote mawili, kiunoni na katikati ya mapaja, kisha yote hukutana tumboni kwenye kifungo kimoja cha kuzungusha.

"Kwani gari halina paa?" niliuliza.

"Paa ni bati, kaka. Kaka yangu alibiringika na bati mwaka juzi. Hakufa, Mungu mkubwa, ila shingo ilikaza. Leo ukimwita anageuka mwili mzima kama kabati."

"Na akigeuka usiku," alisema wifi, "kitanda chote kinahama."

"Wifi, tuko ofisini."

Nilimhurumia. Nikampa fomu ya kurasa kumi na nne.

Sasa, utaratibu ni utaratibu. Kwa mujibu wa Mwongozo wetu, kizimba ni makazi ya kuku. Nikalipeleka ombi Idara ya Mifugo, ambao hawakuchelewa: waliuliza kuku ni wangapi, ni wa mayai au wa nyama, na kama wamechanjwa. Mama Cheche akajibu kwa maandishi kwamba kuku hakuna, yupo wifi. Mifugo wakasema wifi hayumo kwenye orodha yao. Nikafungua maana ya pili ya neno: kizimba ni mahali anaposimama mshtakiwa. Ombi likaenda Mahakamani. Mahakama ikauliza mshtakiwa ni nani, na atasimama vipi mahali ambapo mtu hawezi hata kuchuchumaa.

Mikanda niliipeleka Bodi ya Filamu, kama inavyostahili mikanda yote. Bodi ikataka kwanza kuitazama yote ili ijiridhishe kwamba haina matukio yasiyofaa watoto. Nilipowaarifu kwamba mmoja unapita katikati ya mapaja, wakaahirisha kikao kwa mashauriano zaidi.

Siku ya kumi Mama Cheche alirudi.

"Kaka karani, tumefika wapi?"

"Subira, mama. Subira huvuta heri."

"Na gari likianza kubiringika, nalo nitaliambia lisubiri?"

"Kama lina shida, lije dirishani."

Alinitazama kama mtu anayepima bomba kabla ya kulikata. Akaondoka, na alasiri ile ile waliopita nyuma ya kiwanda cha magodoro waliona cheche zikiruka.

Habari ikamfikia Mheshimiwa Mkurugenzi. Kwa asiyemjua, ni mtu wa mwili na sauti, na ukutani kwake ametundika maneno haya kwenye fremu ya dhahabu: KITU KISICHO NA KIBALI HAKIPO. Kwa kanuni hiyo, katika miaka minne tu, alikuwa amemaliza tatizo la madaraja mabovu mawili, zahanati moja na mtaa mzima wa wauza mitumba. Vyote bado vinaonekana kwa macho, lakini kwa karatasi havipo, na Idara yetu hutazama kwa karatasi.

Tulikwenda gerejini mimi na yeye. Mabomba yalikuwa yameegemezwa ukutani kwa urefu, sakafu ilikuwa na vumbi la chuma, na katikati lilikaa gari jekundu lenye milango miwili, limelala chini kama paka anayevizia. Ndani yake kizimba kilikuwa kimekwisha. Kila kiungo kilichomelewa kwa mshono mwembamba uliopangika kama msuko wa nywele, na kila mguu wa bomba ulisimama juu ya sahani ya chuma iliyounganishwa na sakafu ya gari.

"Kiko wapi hicho kizimba?" alinguruma Mheshimiwa.

"Si hicho hapo mbele ya macho yako, Mzee," alisema Mama Cheche.

"Kina kibali?"

"Kibali kiko kwenu, kinazungushwa kwa kuku."

"Basi hakipo."

Akaingiza kichwa garini ili athibitishe kwamba hakipo. Ukasikika mlio: ko! Niliandika kwenye kumbukumbu: *Saa nne na dakika kumi, Mheshimiwa aligonga kichwa mahali pasipo na kitu.*

Akatoka akijisugua utosi, akadai karatasi, akaandika papo hapo juu ya boneti: *Baada ya ukaguzi wa kina, nathibitisha kwamba ndani ya gari hili hamna kizimba.* Saini. Muhuri. Nakala moja kwa mwenye gari.

Kazi ingeweza kuishia hapo. Lakini Mheshimiwa alikuwa bado analizunguka gari, anapapasa usukani kupitia dirishani. Mwishowe akasema, "Gari nalitwaa kama kielelezo. Nitaliendesha mwenyewe mpaka ofisini."

"Mheshimiwa, hili si gari la kupelekea bibi harusi," alisema wifi. "Ukiligusa kidogo tu linaruka."

"Binti, mimi ninaiendesha Idara nzima mwaka wa nne huu."

"Ndiyo maana haijafika," alisema wifi, kwa sauti ambayo sikulazimika kuiandika.

Mama Cheche akasimama mbele ya mlango wa gari, spana mkononi. "Mzee, kuninyang'anya utaninyang'anya. Ila humu hakai mtu bila mikanda, na bila helmeti. Kichwa kitupu na bomba ni yai na mchi."

"Mikanda ipi? Mikanda iko Bodi ya Filamu."

"Basi nakufunga hiyo hiyo isiyokuwapo."

Sijui kwa nini alikubali. Nadhani alikuwa na hamu ya kuketi. Wifi alimvika helmeti, akaweka goti kwenye kiti akavuta mikanda ya mabega, Mama Cheche akavuta ya kiunoni. "Toa pumzi, Mzee. Zaidi. Tumbo nalo liingie." Ulipofika ule wa katikati ya mapaja, Mheshimiwa alitamka neno ambalo halimo katika Mwongozo. Kifungo kikalia tak, naye akabaki amenyooka kama picha ya kitambulisho.

Sisi watatu tulimfuata kwa pikapu ya Mama Cheche. Mtaa wa kwanza alikwenda vizuri, akipungia watu. Mtaa wa pili alipungia kwa mikono yote miwili. Tulipofika kwenye mzunguko wa barabara mbele ya jengo letu, wafanyakazi walikuwa wamejaa madirishani, naye akaona awasalimie kwa mngurumo. Akakanyaga.

Gari liliruka ukingo, likapanda tuta la maua, likabiringika mara moja, mara mbili, na mara ya tatu polepole, kama mtu anayemalizia kazi kwa kuwa tu aliianza. Likatulia magurudumu juu, yakiendelea kuzunguka.

Mama Cheche alifika kabla vumbi halijatua. Mheshimiwa alikuwa ananing'inia kichwa chini kama popo, anapapasa kifungo cha tumboni, analia, "Nitoeni! Nitoeni!"

"Usiguse!" Mama Cheche alimkemea kama mtoto. "Ukifungua sasa utaangukia shingo. Kaa hivyo hivyo. Nipo."

Akatambaa kupitia dirishani juu ya vioo vilivyovunjika, akaweka bega lake chini ya mabega ya Mheshimiwa, wifi akamdaka kiunoni, ndipo Mama Cheche akazungusha kifungo. Mzee akashuka taratibu mikononi mwao. Alikuwa amepoteza kiatu kimoja, na si zaidi. Paa la gari lilikuwa limebonyea mpaka likayafikia mabomba, na hapo ndipo lilipokomea.

Mheshimiwa alisimama. Akanyoosha mkono akaligusa tao la chuma, akakiacha kiganja hapo muda mrefu. Mama Cheche alikuwa anachuruzika damu kiwikoni, hata hajajua.

"Kiko imara sana," Mheshimiwa alinong'ona.

"Nini kiko imara, Mzee?"

Hapo akaniona mimi na kalamu yangu. Akaondoa mkono.

"Hakuna," alisema.

Nikaandika: *Hakuna.*

Alasiri nilijaza Fomu ya Ajali. Ukurasa wa sita unauliza: taja kifaa kilichomwokoa mhusika. Nilitafakari kwa uaminifu. Kizimba hakipo, kwa saini na muhuri wa Mheshimiwa mwenyewe. Mikanda haijatazamwa na Bodi. Helmeti haikuombewa kabisa. Na mhusika, alipoulizwa pale pale penye tukio, alijibu hakuna. Maelekezo chini ya ukurasa yako wazi: gari likibiringika zaidi ya mara mbili na kifaa kikawa hakuna, mhusika aandikwe amefariki. Nilipitia mara mbili. Kisha nikatia muhuri, nikatokwa na machozi mawili, moja la kiserikali na jingine langu mwenyewe.

Jumatatu iliyofuata kadi ya Mheshimiwa ilikataa kufungua geti. Jina lilikuwa limeondolewa mlangoni, na kwenye kiti chake alikaa Kaimu Mkurugenzi, ambaye msiba ulikuwa umemgusa sana. Kwenye ubao wa matangazo ilibandikwa tanzia yenye picha yake akitabasamu. Alipopiga kelele koridoni, mlinzi alimshika bega kwa upole: "Mzee, tuheshimu msiba."

Gari lilirudi kwa wenyewe, maana marehemu hana kielelezo. Mama Cheche alikikata kizimba chote, kwa kuwa chuma kilichokwisha kula kipigo kama kile, alisema, hakirudi kazini, akajenga kingine kwa siku tano. Wakaguzi wetu walikwenda siku ya mashindano kukikamata. Wifi akawaonyesha nakala yake: *hamna kizimba*. Walilizunguka gari, wakasoma tena, wakarudi zao. Huwezi kukamata kitu ambacho hakipo. Wifi alishika nafasi ya tatu na hakubiringika. Mumewe alisimama kwenye uzio, na kila gari lilipopita aligeuka mwili mzima kulifuata, hata jioni akawa amezunguka mara nyingi kuliko gari lenyewe.

Jumatano baada ya mashindano Mheshimiwa alikuja dirishani kwangu. Alikuwa hajanyoa.

"Karani, niandike kwamba niko hai."

"Taja kifaa kilichokuokoa."

"Kizimba."

"Kuna barua hapa ya marehemu Mkurugenzi inayosema kizimba hakipo."

"Ni yangu! Naifuta!"

"Marehemu hafuti barua."

"Wewe, unajua mimi ni nani?"

"Nakujua vizuri, Mheshimiwa. Ile picha ya tanzia niliichagua mimi."

Nikachukua jalada lake, nikamsindikiza mpaka dirisha namba tisa, Waliofariki Kimakosa. Foleni yake hushuka ngazi za nyuma mpaka uani. Mheshimiwa alikuwa hajawahi kuiona, kwa sababu yeye alikuwa akipanda kwa lifti. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa bibi mmoja mwenye fimbo.

"Karibu, mwanangu. Wewe umekufa lini?"

"Sijafa, bibi."

"Ndivyo tunavyoanza wote. Mimi huu mwaka wa tatu. Walisema nyumba yangu haina kibali, kwa hiyo haipo. Na mimi si nilikuwa nimelala ndani? Nikafuatana nayo." Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi hata ikaanza kuchanika. "Hebu nisomee, wewe mwenye macho. Hapo chini aliyesaini ni nani? Kila ninayemuuliza ananitazama tu."

Mheshimiwa aliipokea. Aliisoma mpaka chini, na nilimwona akisogeza kidole gumba polepole mpaka kikaifunika saini.

"Haisomeki, bibi," alisema.

"Haidhuru. Nishikie nafasi basi, nikajisaidie. Nishikie na fimbo, wasije wakasema nimeondoka."

Mheshimiwa akaishika fimbo. Foleni ikasogea ngazi moja, naye akapanda.