Darasa la Muthama Nyuma ya Bucha

Mwaka wa 1979 chama kimoja cha ushirika wa kahawa huko Mbooni kilitangaza nafasi ya karani. Nafasi moja tu. Mtihani ungekuwa wa Kiingereza: sentensi hamsini za kusahihisha na misemo ishirini ya kueleza maana. Aliyetimiza miaka thelathini na mitano asijisumbue.

Muthama alisoma tangazo hilo sokoni Kikima akahesabu vidole. Alibakiwa na miezi miwili kufikisha umri huo. Katika mitihani ya aina hii alikuwa ameanguka mara nne, na mara zote kwa sababu moja: watu wengine walifanya vizuri kuliko yeye. Sasa mtu mwerevu akiona shida kama hiyo hufanya nini? Hukesha akisoma? Huyo ni mvumilivu. Muthama alifungua darasa.

Alipata chumba nyuma ya bucha, akavaa tai, akasambaza habari kwamba aliwahi kusahihisha mitihani Nairobi. Watu kumi na mmoja waliotaka ile kazi wakaja wote, kila mmoja na ada yake, kuku mzima. Muthama alikuwa na kitabu kizuri cha sarufi. Majibu sahihi aliyaweka kichwani mwake. Yale mengine aliwagawia wanafunzi.

"Andikeni," alisema. "To kick the bucket. Maana yake ni kukasirika kidogo. Mfano: Grandmother kicked the bucket, and then she served us supper."

Nthenya, mama wa watoto watano aliyeuza uji stendi, aliinua mkono. "Mwalimu, mimi nilifika Fomu Tu ya sekondari. Tuliambiwa hiyo ni kufa."

"Hiyo ilikuwa zamani, mama. Waingereza wamebadilisha."

"Lini?"

"Mwaka wa sitini na tatu. Walipokuwa wanafunga mizigo."

Nthenya aliinamia daftari akaandika. Muthama aliwapenda sana wanafunzi wanaoandika. Hata alipoanza kuwaona wakija na madaftari mawili mawili, alifikiri ni bidii tu.

Siku ya mtihani ikafika, Jumatano, saa tatu asubuhi. Saa moja kasoro Muthama alikuwa anang'arisha viatu aliposikia nyimbo. Alichungulia nje. Wanawake arobaini walikuwa wanapanda kilima na majembe na sepetu, wamefuatana kama siafu, mbele yao Ndinda, kiongozi wa mwethya.

Mwethya wa Wakamba hauna ujanja: leo tunachimba kwako, kesho kwa jirani. Sharti ni moja. Mwenye shamba hubeba udongo pamoja na wageni wake mpaka jembe la mwisho liwekwe chini. Akiwakimbia, siku ya kufa kwake atafute mwenyewe wa kumchimbia kaburi.

"Mwalimu," Ndinda alisema, "umetufundishia watoto na wake za wana wetu. Tumeona tusikae kimya. Tumekuja kukuchimbia matuta."

"Mungu awabariki, lakini leo nina safari."

"Safari gani?" Mama yake, Mbula, alikuwa ametoka jikoni. Miaka mitatu alikuwa akitazama udongo wake ukihamia kwa jirani kila mvua. "Vua hiyo tai. Hawa watu wamekuja kwangu. Unataka nizikwe na nani?"

"Mwaitu, mama yangu, nitakawia saa mbili tu..."

"Shika karai."

Alishika karai. Saa tatu kengele ya shule ililia bondeni, kule wanafunzi wake walikoketi kufanya mtihani, naye alikuwa kwenye udongo hadi magotini. Ndinda alisimama kidogo akipumua.

"Nthenya alipita ofisini mwezi uliopita kuulizia fomu yake," alisema polepole. "Akakuta orodha ya watahiniwa mlangoni. Majina kumi na mawili. La mwisho lako."

Muthama alijaza karai udongo.

"Basi jioni unawafundisha, asubuhi wao wanakutana kwa Nthenya na kitabu cha shule, wanasahihisha yote uliyofundisha. Wanasema hawajapata mazoezi mazuri hivyo. Makosa mengi, na yote ya mahali pamoja."

"Mngeniambia tu."

"Tukuambie nini, na wewe ndiye mwalimu?"

Mchana wale kuku kumi na mmoja waliliwa na mchuzi mwingi, maana Mbula hakuwa mwanamke wa kuaibisha mwethya. Saa nane wanafunzi walipita njiani wakirudi. Nthenya aliingia shambani, akachukua sepetu, akachimba kipande kilichobaki. Ndiye aliyekuja kuipata kazi ile wiki mbili baadaye.

Pale pale shambani Muthama alijizuia mpaka akashindwa. "Mtihani ulikuwaje?"

"Rahisi," Nthenya alisema, akifuta jasho. "Rahisi kabisa, Mwalimu. Hata wewe ungepita."