Madaftari ya Mvua Yatafuta Kwao

Jumatatu, 4 Machi
Idara ya hali ya hewa imenipigia simu, inaniomba kwa heshima zote madaftari yangu ya mvua.
Haya, si kweli. Mimi ndiye niliyepiga. Mara nne. Hawakupokea.
Lakini mambo yamenifika shingoni! Binti yetu anakuja kujifungulia hapa. Mke wangu kasema chumba kiwe wazi kufikia Jumamosi, la sivyo madaftari yote kumi na tisa yataenda dukani kufungia sabuni. Miaka ishirini na miwili ya kupima mvua kila asubuhi! Sabuni!

Jumanne, 5 Machi
Maktaba. Mkutubi kasema wao hutunza vitabu. Nikamwambia haya nayo yana majalada. Kauliza nani atayasoma. Nikasema yeye, kwa kuanzia. Nikaonyeshwa mlango.
Makumbusho. Mlinzi kaniuliza naleta madaftari au najileta mwenyewe. Mshenzi.

Jumatano, 6 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, mpima ardhi mstaafu, kaja kunicheka. Eti takwimu zake za visima zilishapokelewa idara ya maji. Zangu nizipeleke hali ya hewa, kwa miguu, niachane na simu. Afadhali kuumwa jino kuliko kumsikiliza.
Nitakwenda kesho.
Kwanza nafasi tupu, siku ambazo sikupima. Siku za homa, za harusi, za uvivu. Nimezijaza zote. Milimita sita hapa, kumi pale. Aprili nimekuwa mkarimu. Yamependeza!

Alhamisi, 7 Machi
Mtunza kumbukumbu ni dada mwenye miwani. Kafunua kurasa. Kauliza mbona wino wa miaka ishirini bado unang'aa. Nikasema zamani kalamu zilikuwa kalamu. Kasema siku hii vituo vyote havikupata hata tone, iweje babu nipate milimita arobaini? Nikamwambia kwetu tuna wingu letu.
Kacheka hadi kavua miwani. Kisha kaivaa. Nafasi tupu wanaipokea, kasema. Namba ya kubuni inaharibu hata za kweli, na watu hujenga madaraja kwa takwimu hizi. Kila uongo niupige mstari mwekundu, nirudi kesho. Vinginevyo hawapokei hata daftari moja.

Ijumaa, 8 Machi
Mistari mia tatu na kumi na mmoja! Mke wangu kanisaidia. Anakumbuka kila harusi na kila siku niliyojifanya mgonjwa. Huyo ndiye wa kuwekwa kwenye hifadhi.
Yamepokelewa! Yote! Nimepewa stakabadhi yenye muhuri. Dada kasema nilete la ishirini likijaa. Nimemwapia sitabuni tone.

Jumamosi, 9 Machi
Binti kafika. Kitanda kimeingia. Mvua ilinyesha alfajiri, mimi nikalala hadi saa nne, na kopo la kupimia mke wangu kashalimwaga. Nimeandika milimita kumi na nne. Kumi na tano ingeonekana ya kubuni. Na safari hii nimetumia kalamu inayokaribia kuisha, wino umefifia vizuri.
Shemeji, najua unaisoma shajara hii kila ukija. Juzi mkeo aliponiuliza ulikuwa wapi, nilisema uko kwangu. Basi nakudai kadogo tu: nimekuandika shahidi, basi yule dada wa kumbukumbu akikupigia, sema kumi na nne uliziona kwa macho yako.