Malalamiko Kuhusu Ukuta wa Ghorofa Isiyokuwepo

Jengo la Mierebi,
Shenyang.

Ndugu Mkurugenzi wa Nyumba,

Niwie radhi kwa mwandiko huu. Wino unaganda kwa baridi. Mimi ni Kou Zhen, karani mdogo wa ofisi ya jengo hili. Mkuu wangu, Bwana Tuo, ameniagiza nitie sahihi cheti kwamba ukuta uliovunjwa nyumbani kwa Bwana Luan haukuwa umebeba kitu. Niko tayari kutii. Ila wapo wanaonizuia, nami nawalalamikia kama ifuatavyo:

1. Naulalamikia ukuta wenyewe. Jengo letu lina ghorofa tano, nasi kwa busara tuliiruka namba nne, maana nani alale penye namba ambayo kwa Kichina chetu inatamkwa kama kifo? Milango inasema moja, mbili, tatu, tano, sita. Wakazi wote walielewa. Ukuta haukuelewa. Uliendelea kukaa ghorofa ya nne, na kubeba.

2. Naulalamikia mchoro wa mhandisi, unaohesabu kama mtoto wa chekechea, moja hadi tano. Humo, ukuta wa kati wa ghorofa ya tano ni wa kutenga vyumba tu, kwa kuwa juu yake kuna paa jepesi basi. Bwana Luan anakaa mlango namba tano, na alitaka ukumbi mpana kwa harusi ya mwanawe Jumapili hii. Bwana Tuo alifungua ukurasa wa tano, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. "Sikia, unalia kama ngoma! Vunja!" Nikasema, "Mkuu, kwa heshima, tukihesabu ghorofa kutoka chini..." Akanikata: "Kijana Kou, wewe ni karani au mpanda ngazi?" Mafundi wakacheka. Nami nikacheka nao, kwa adabu.

3. Namlalamikia Bibi Mu, mjane wa mlango namba sita, juu kabisa. Tangu ukuta uvunjwe, mitungi yake ya kabichi ya kuchachua, kila mmoja na jiwe lake juu, inateleza kuelekea katikati ya chumba, na mlango wake haufungi tena. Bwana Tuo alimshauri vizuri tu, "Bibi, punguza kabichi." Akajibiwa mbele ya majirani: "Nimechachua kabichi humu tangu wewe unanyonya! Haijawahi kutembea. Kinachotembea ni hili jengo lenu!" Lugha hii inavunja moyo wa watumishi.

5. Kwa kabati la nguo la Bwana Luan sina lalamiko. Dari imelilalia, nalo halijanung'unika. Naomba ofisi yako iliteue rasmi kuwa Kaimu Ukuta mpaka harusi ipite.

6. Naomba pia waraka utamke kwamba ghorofa ya nne haipo, na kisichokuwepo hakiwezi kuanguka. Wageni watakula na kucheza humo Jumapili. Ni vyema wakafahamishwa.

Nawasalimu nyote hapo ofisini, wa juu na wa chini, na hasa mnaokaa katikati.

Mtiifu wako,
Kou Zhen

Tanbihi: Cheti sijakitia sahihi. Wiki nzima niliwaeleza wakazi habari za uzito na nyufa. Hakuna aliyehamisha hata kijiko. Leo asubuhi nimechukua brashi nikaandika namba nne, kubwa, kwenye mlango wa Bwana Luan. Bibi harusi ameiona, akaangua kilio. Mama yake akasema, "Binti yangu haolewi penye namba hiyo, hata mkinipa jengo zima!" Harusi imehamia mkahawani. Wa ghorofa za chini, kusikia wanalala chini ya nne, wametoka na magodoro yao. Bibi Mu ameketi uani juu ya mtungi wake. Bwana Tuo ameamuru namba ifutwe, nami nikampa kitambaa. Bado amesimama nacho chini ya ngazi. Tafadhali leta nguzo za kuegemeza sakafu kabla hajapatikana mtu jasiri wa kupanda kuifuta.