Mdudu wa Droo ya 41

Jumatatu, 3 Machi
Bi Panzi, kama ninavyomwita mwenzangu wa kazini, kaanza tena. Tangu watafiti wampe panzi wa aina mpya jina lake, hapiti mbele ya kabati bila kumsalimia. Ana miaka sita katika makumbusho haya. Mimi, mtunza droo za wadudu, nina kumi na mmoja, na kitu pekee chenye jina langu ni kikombe. Tena kina ufa.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Leo, droo ya 41, katikati ya vipepeo wakavu, nimeona mdudu mdogo wa kahawia akitembea. Hana pini. Hana lebo. Sayansi haimjui! Nimefunga droo polepole.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia mke wangu ukoo wetu utaingia vitabuni. Kauliza kama vitabu hivyo vitatengeneza bawaba ya mlango. Mama mkwe kauliza kama mdudu mwenyewe anauma.

Kuna tatizo. Daktari, mkuu wetu, kaagiza droo zote ziingie kwenye friza, kama kila baada ya miezi mitatu. Mdudu wangu agande? Nimeficha droo ya 41 chini ya meza, nikapeleka droo tupu na kutia saini. Watafiti hawaridhiki na sampuli moja. Mdudu aachwe azae kwanza.

Jumatatu, 28 Aprili
Wamezaana. Thelathini na wawili, na mabuu yenye manyoya hayahesabiki. Vipepeo wengi wamebaki vipande. Uzee, nadhani. Kesho nawaita wote waje waone.

Jumanne, 29 Aprili
Nilivaa tai. Daktari akafungua droo mwenyewe. Pini sitini zimesimama wima, lebo sitini safi, na chini yake vumbi.

Hakupandisha sauti. Alikwenda nyuma ya mlango wangu, akaondoa koti langu msumarini. Pale kuna bango, na kwenye bango mdudu wangu, mkubwa kama sahani: mla sampuli, adui wa kila makumbusho, ndiye aliyefanya tununue friza. Miaka kumi na mmoja nimemfunika kwa koti. Daktari akasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilitamani sakafu inimeze.

Akasema nina bahati, wale walikuwa vipepeo wa kawaida wa kufundishia wanafunzi. Nikamate sitini wengine kabla ya Jumapili, la sivyo nikatafute kazi kwingine.

Jumamosi, 3 Mei
Sitini wametimia. Haki isemwe: Bi Panzi alikuja na wavu wake bila kuitwa, akakamata thelathini na wanane. Wala hakunicheka, na hilo ndilo linaloniuma.

Daktari kaamua droo ya pini tupu ihifadhiwe vilevile, waajiriwa wapya waonyeshwe. Kaibandika jina langu kwa herufi kubwa. Nimepita mbele yake mara nne, na mara zote nimeisalimia.

Jumapili, 4 Mei
Jikoni. Ndani ya debe la unga la mama mkwe kuna mdudu mwembamba, mwekundu kidogo. Nimemkagua vizuri. Hana lebo. Nimemwomba mama asichekeche unga kwa wiki sita.