Kahawa Niliyoikataa kwa Abu Shakir

Jumamosi, 12 Aprili

Siku sita zimebaki. Kituo cha televisheni kinachoonyesha tamthilia ya "Nyumba ya Mkabala" kimetangaza shindano: mwanafunzi yeyote aandike kipindi kimoja, kurasa kumi, na kitakachoshinda kitaigizwa. Kila Alhamisi nyumba yetu nzima hukaa kuwatazama majirani wa humo wakishukiana mpaka waaibike wote. Nimesoma vitabu thelathini na viwili vya upelelezi. Kama si mimi, nani?

Nalitaka hili kuliko kitu chochote. Mwezi uliopita niliitwa kusoma shairi mbele ya shule nzima, sauti ikagoma. Mwalimu alidhani kipaza sauti kimekufa, akaita fundi. Kipindi changu kikishinda, watu watanisikia bila mimi kufungua mdomo.

Tatizo ni moja. Sina kisa. Hapa mtaani kwetu, Shafa Badran, hakuna lolote. Baba anafundisha hesabu. Mama anashona mapazia. Mdogo wangu Jumana ana miaka tisa na anasoma shajara hii kwa siri. (Jumana, nimeiona alama ya jamu.)

Jumapili, 13 Aprili

Nina kisa.

Nyumba ya jirani amehamia Abu Shakir na mkewe, Um Shakir, kutoka mji wa Irbid. Karani mstaafu wa mahakama, havui tai shingoni hata siku ya kutupa taka. Wana siku kumi na tano tu hapa. Juu ya paa lao, nyuma ya matangi ya maji, kuna chumba cha mabati chenye kufuli.

Leo alfajiri alipanda huko akapiga mluzi. Mfupi, mfupi, mrefu. Kisha akatazama angani, upande wa kaskazini, akahesabu kwa vidole.

Nilimwambia Mama kwamba yule ni mtu wa kushukiwa. Akasema wa kushukiwa ni mimi, niliyesimama dirishani na suruali ya kulalia wakati watu wanaswali.

Jumatatu, 14 Aprili

Ushahidi unamiminika. Magunia mawili ya mtama yamepandishwa juu wakati Um Shakir amekwenda sokoni. Kisha ufito mrefu wenye kitambaa cheusi mwishoni. Kisha alitoa kichupa mfukoni, akadondosha matone matano kwenye ndoo ya maji, akakoroga, akaingia nayo chumbani.

Hitimisho: kuna mtu kafungwa mle. Analishwa mtama. Ananyweshwa dawa ya usingizi. Kitambaa ni ishara kwa wenzake wa kaskazini.

Jumana aliuliza kwa nini mfungwa alishwe mtama na si wali. Nikamwambia hajui uhalifu. Akasema yeye angekuwa mfungwa angepiga kelele, lakini mimi ningekaa kimya mpaka nife kwa kuona haya.

Jumanne, 15 Aprili

Sitaki kuandika ya leo. Nitayaandika kwa ajili ya historia.

Mpango ulikuwa kupanda paa letu nikijifanya nasafisha tangi, ili nichungulie kwa Abu Shakir. Nilikanyaga bomba la kutolea maji. Bomba likakatika. Maji ya bomba huku huja Jumanne tu, na tangi lilikuwa ndiyo kwanza limejaa. Maji ya wiki nzima yakashuka ngazi, yakapita mlangoni, yakaenda zake barabarani kama yana miadi.

Baba hakupiga kelele. Alinipa ndoo na hesabu ya kufanya: lita elfu mbili, ndoo ya lita kumi, safari ngapi mpaka kisima cha msikiti. Nilipojibu mia mbili akanisifu, akanionyesha njia.

Kwenye safari ya kumi na nne Abu Shakir alitoka, akanipokea ndoo, akasema, "Pumzika, mwanangu, mgongo haununuliwi dukani." Akanibebea ndoo tano. Mjanja sana.

Jumatano, 16 Aprili

Yametokea.

Baada ya alasiri tulikwenda kuwapongeza kwa nyumba mpya, Mama na sinia lake la keki ya semolina. Um Shakir alitukaribisha kwa mikono yote miwili. Abu Shakir akamimina kahawa mwenyewe. Mwenyewe! Mtu wa matone.

Baba akanywa. Mama akanywa. Niliwatazama macho kama yanalegea. Mimi nilikipokea kikombe, nikakiweka mezani, nikakunja mikono.

Kila mtu akakitazama kikombe changu. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo kila mtoto wa Jordan analijua kabla hajajua kufunga viatu: mgeni anayeiweka kahawa mezani bila kuionja ana haja, na hainywi mpaka mwenye nyumba akubali. Hivyo ndivyo watu wanavyoomba suluhu mtu akiuawa. Hivyo ndivyo wanavyoposa.

Mama akageuka rangi. Abu Shakir ana binti mmoja, hajaolewa, mhandisi wa madaraja, miaka thelathini na moja.

Baba alicheka cheko moja kavu, akasema mtoto ana kiungulia. Lakini Abu Shakir alikuwa ameshakaa wima. Nadhani alifurahi kupata, katika mtaa mgeni, mtu wa kwanza kumtaka jambo. Akaweka mkono kifuani, akasema, "Kunywa kahawa yako, Qutaiba. Ulichokijia umepata."

Ningeweza kuomba kalamu. Ningeweza kuomba kipande cha keki. Lakini sauti, ile iliyogoma mbele ya shule nzima, ilichagua dakika hii kutoka, nene na safi. Nikasema, "Ami, nataka kuona chumba kilicho juu ya paa."

Um Shakir akauliza kuna nini cha kuona, si mafaili ya mahakama tu. Abu Shakir akasimama. Alikuwa ameshatoa neno mbele ya wageni. Alipanda ngazi kama mtu anayekwenda kung'olewa jino, sisi sote nyuma yake.

Alifungua kufuli. Akaanza kusema tuingie polepole, mlango usiachwe wazi. Mimi nilikuwa nimeshausukuma mpaka mwisho, nikipaza sauti, "Usiogope, uko huru!"

Njiwa arubaini walinipita kichwani.

Jumatano, bado

Nimenawa. Naendelea.

Njiwa aliyehamishwa hufungiwa siku thelathini ayazoee makazi mapya, ndipo aachiwe. Hawa walikuwa na siku kumi na nane. Walizunguka matangi mara moja, wakashika njia ya kaskazini, ya Irbid. Abu Shakir alipiga mluzi wake, mfupi, mfupi, mrefu, akapunga ufito, mpaka hawakuonekana tena. Kisha akakaa juu ya ndoo na tai yake. Amewalea miaka ishirini, kizazi kwa kizazi. Matone yalikuwa vitamini.

Alimwapia mkewe kwamba amewauza wote kabla ya kuhama. Hilo ndilo sharti lililomfanya Um Shakir akubali kuhama Irbid. Watu husema mfuga njiwa ni mwongo hata ushahidi wake haupokelewi mahakamani. Sasa fikiria karani wa mahakama.

Um Shakir alishuka ngazi. Kahawa yangu, ambayo sikuinywa, aliimwaga kwenye chungu cha maua.

Mama, njia nzima: "Mwaka mzima nakuomba utoe salamu isikike. Ukachagua leo."

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeandika kurasa kumi kwa mfululizo, kila kitu kama kilivyokuwa, majina tu nimebadili. Nimetuma. Kupitia dirishani nilimsikia Abu Shakir akipiga mluzi alfajiri kwa paa tupu. Sikupata hamu ya kifungua kinywa. Nilikula mayai mawili tu.

Ijumaa, 18 Aprili

Baada ya swala Baba alipakia vizimba vya ndege kwenye gari bila kuambiwa, tukaenda Irbid, yeye, mimi na Abu Shakir.

Walikuwepo. Thelathini na tisa, wamepangana juu ya paa la nyumba ya zamani ya Abu Shakir. Nikaambiwa nisiguse kitu. Baba, mwalimu wa hesabu, akavua viatu, akanyata, akawakamata mmoja mmoja kwa mkono mmoja, akiwanong'oneza. Abu Shakir akamtazama sana, kisha akamuuliza aliacha lini kufuga. Baba akasema alipooa. Akanitazama. Nikaahidi kwamba Mama hatasikia. (Jumana, ukilisoma hili, baiskeli yangu ni yako.)

Wa arubaini hakupatikana. Mweupe mwenye shingo ya shaba. Abu Shakir alisema si kitu. Alilisema mara tatu.

Tuliporudi, Um Shakir alikuwa juu ya paa na fagio. Yule njiwa mweupe kasimama kwenye tangi lake. Kumbe alirudi peke yake asubuhi. Um Shakir alimwambia mumewe kwamba hasira yake haikuwa ya njiwa. Ni kudhani kwamba mwanamke aliyekaa naye miaka thelathini na mitano hawezi kunusa kinyesi cha njiwa. Wabaki, ila kila Ijumaa, mwaka mzima, atakayekikwangua ni mimi.

Nikasema, "Ndiyo, Halati," kwa sauti iliyosikika.

Jumanne, 29 Aprili

Barua imefika. Sikushinda. Waamuzi wamewapenda majirani, njiwa, hata ndoo. Lakini mhusika mkuu hawakumwamini. Wameandika kwamba hakuna kijana aliyelelewa katika nyumba inayopokea wageni anayeweza kuiweka kahawa mezani na kudai afunguliwe stoo ya watu. Wananishauri nitazame zaidi maisha halisi.

Nimekwangua banda nikitafakari, ingawa si Ijumaa. Wako sahihi. Sikutazama vya kutosha.

Jumatano, 30 Aprili

Nyumba ya tatu kutoka kwetu wameanika zulia siku ya nne mfululizo. Limekunjwa. Urefu wake ni wa mtu mzima. Mwenye nyumba, daktari wa meno, amesema anaona haya hatujawahi kufika kwake, twende Ijumaa kwa kahawa.

Nitakwenda. Kikombe sitakigusa.