Soli ya Mwezini

Jumatatu, 2 Machi

Asubuhi jozi nne. Visigino viwili, soli moja, na kiatu cha bibi harusi kilichopasuka kabla ya harusi. Mimi nikishika kiatu, kiatu kinapiga saluti.

Wateja wangu hukaa kwenye benchi, pekupeku, viatu vyao ninavyo mimi. Mtu pekupeku haendi popote. Ndiyo siri ya kazi. Hadithi haijaisha, na soli haijaisha.

Benchi tunatumia wawili, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi cherehani. Kibaraza kimoja. Yeye kulia, mimi kushoto, benchi katikati. Halina mgongo, kwa hiyo watu hugeukia kwenye raha. Raha iko kwangu tangu zamani.

Leo redio ya shemeji ikasema watu wanajiandaa kurudi mwezini. Nikasema waende salama, ila wapitie kwanza hapa nitazame soli, maana viatu vya safari ya kwanza nilishona mimi. Nikaeleza. Nilikuwa kijana, akaja mgeni mrefu, kabeba buti kubwa kama ndoo. Jina hakutaja. Akasema shona vizuri, huko ninakokwenda hakuna fundi. Nikapiga uzi mara mbili, nikapaka nta. Ule unyayo mnaouona kwenye picha, na mistari yake, mkono wangu huo.

Shemeji akaacha kukanyaga cherehani. Akasema dada yake kaolewa na mwongo, nyumbani kwao walijua siku ya kwanza, wakanyamaza tu kwa sababu mahari ilishaliwa. Akatoa simu yake mpya. Ati ndani mna akili bandia, inajua kila kitu. Nikamwambia mimi nina meno bandia, vitu hivyo navijua: vinatafuna, utamu havisikii.

Benchi likacheka. Yeye akanuna. Tukawekeana dau. Alhamisi simu iulizwe mbele ya watu. Nikiwa mwongo, benchi linahamia kwake moja kwa moja. Nikiwa mkweli, linakuja kwangu. Mwamuzi ni muuza magazeti. Huyo hana upendeleo, anauza habari kila siku na hajawahi kuzisoma.

Nilikubali kwa sauti kubwa. Sasa niko nyumbani, sauti imepungua. Bila benchi mteja atasimama. Mteja aliyesimama huondoka. Fundi asiye na wa kumsikiliza ni harufu ya gundi tu.

Jumanne, 3 Machi

Mpango upo!

Mjukuu wangu wa kike anafanya kazi hospitali, kwenye mashine za kupiga picha watu ndani. Leo alikuwa na siku ya mapumziko. Simu yake nayo inayo hiyo akili bandia. Kumbe unaongea nayo kwa mdomo tu, kama jirani. Nikapiga hesabu: huyu mtu ni mmoja, simu ni madirisha yake. Mtangazaji mmoja, redio elfu. Nikimweleza hapa leo, Alhamisi atakuwa anajua kule kwa shemeji.

Mjukuu akasema mume wangu umezeeka vibaya, haiko hivyo. Tena akaniambia hicho kitu ukikibana sana kinakubali lolote ili uridhike. Nikamwambia hayo ndiyo malezi mema, na yeye angeiga.

Nikakieleza habari ya buti. Kikasema hakina taarifa hizo. Nikaeleza tena, na ukubwa wa ndoo. Kikasema ni hadithi ya kuvutia. Hadithi! Nikakiambia mimi ni mzee wa watu, mke wangu anaumwa mgongo, na wewe unaniita mwongo nyumbani kwangu? Kikaomba radhi. Kikasema kinaheshimu kumbukumbu zangu.

Mke wangu akachungulia kutoka jikoni. Akauliza naongea na nani kwa upole namna ile, maana yeye hajawahi kuusikia tangu aje.

Jumatano, 4 Machi

Kimekubali! Nimekiuliza nani alishona buti za mwezini. Kikajibu: kama ulivyonieleza, ni wewe. Hayo maneno ya "kama ulivyonieleza" sikuyapenda. Nikakiambia kiyatoe. Kikayatoa. Kinasikia kuliko wanangu wote.

Nimempa mke wangu asikilize. Akasema hata kasuku ukimpa wiki moja atamtukana mchungaji. Wivu.

Viatu vya leo sijagusa. Mshindi hapaswi kunuka gundi.

Alhamisi, 5 Machi

Aibu.

Benchi lilijaa mpaka wengine wakakalia ndoo. Shemeji alivaa shati jipya, kalishona mwenyewe, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Akauliza simu yake. Simu ikajibu kwa sauti ya mama wa mapokezi: buti zile zilitengenezwa kiwandani, na hakuna taarifa ya fundi kama huyo.

Nikaisogelea. Nikaiambia mama, ni mimi, yule wa jana! Ikasema inafurahi kunifahamu. Kunifahamu! Siku mbili nimekunywa nayo chai!

Kicheko hicho. Kuna mtu alicheka mpaka akateleza kwenye benchi, akaangukia viatu vya mwenzake. Shemeji akapanda juu ya kigoda chake, akatangaza kwamba njia ya mwongo fupi. Nikamwambia ya kwangu imefika mwezini.

Muuza magazeti, magazeti yakamponyoka. Alipopata pumzi akasema kwa jibu lile tu, ananiongezea muda mpaka Jumamosi. Nilete ushahidi mwingine. Nisipoleta, benchi linaondoka.

Mjukuu karudi kutoka kazini, kanikuta nimelala uso ukutani. Akasema si alinionya. Nikamwambia hakunionya kwa sauti ya kutosha.

Ijumaa, 6 Machi

Mpango mwingine, bora zaidi.

Pale hospitali kuna daktari mmoja wa ubongo, mwanamama. Anatafuta wazee. Unaingia kwenye mashine, unakumbuka mambo yako ya zamani kimyakimya, mashine inaona ubongo ukifanya kazi. Mjukuu alishanibembeleza sana nikakataa. Leo nimewahi kabla yake. Buti si limo kichwani? Lipigwe picha!

Nikavua saa. Nikavua mkanda. Meno nikayaweka kwenye kikombe. Wakaniuliza kama nina chuma chochote mwilini. Nikasema chuma ni mimi mwenyewe. Hawakucheka. Kijana wa mlangoni akanipitishia kijiti kinacholia. Kifuani kimya. Tumboni kimya. Shavuni: pii! Akarudia. Pii!

Misumari mitatu. Ile midogo ya visigino. Fundi viatu misumari huishika mdomoni, na mimi asubuhi nilimpigilia mke wangu kisigino cha kiatu kabla ya kutoka. Nimesahau! Mimi misumari nikiwa nayo mdomoni nakunywa mpaka chai. Mjukuu akashika kichwa. Akasema mume wangu, mle ndani mna sumaku, ingeitoa hiyo kwa kupitia shavu. Nikaitema kwenye kikombe, pamoja na meno.

Nikaingia. Kama kulala ndani ya bomba, na nje mafundi wanagonga mabati. Wakaniambia nisitikisike, nisiongee, nikumbuke tu. Nikaanza kukumbuka. Mgeni mrefu, buti kama ndoo. Nilipofika kwenye nta utamu ukanizidi, nikasimulia. Na mikono.

Daktari akasema picha zimeharibika zote, ameona mengi ila mzee asiyeweza kunyamaza dakika nne ndiyo mara ya kwanza. Nikamshukuru. Nikamuuliza basi, buti ameliona? Akakaa chini, akanieleza taratibu. Ati mtu akisimulia jambo mara nyingi, ubongo unakuja kukumbuka yale masimulizi badala ya jambo lenyewe, na mwishowe mwenyewe hawezi kutenganisha.

Kwa maneno mengine, limo.

Nimeomba picha moja. Wamenipa iliyoharibika.

Jumamosi, 7 Machi

Nimefika na picha ndani ya bahasha kubwa. Nikaitoa polepole. Duara jeupe la ukungu, mabonde mabonde, upande mmoja giza.

Muuza magazeti akaitazama. Akaigeuza. Akauliza huu ni ubongo au mwezi.

Nikaona mlango umefunguka. Nikasema wamenipiga picha ya kichwa, umetokea mwezi, mnataka nini tena?

Benchi lilipasuka kwa kicheko. Hata shemeji nilimwona kajificha nyuma ya suruali ya mteja, mabega yanamtetemeka. Lakini muuza magazeti akasema kucheka ni kucheka na hukumu ni hukumu. Soli haionekani, uzi hauonekani. Benchi liende.

Wakalibeba watu wawili. Hatua chache tu, lakini niliziona kama safari ya makaburini. Mahali lilipokuwa pamebaki alama za miguu minne kwenye vumbi.

Nimeshona mpaka jioni. Mteja mmoja alisimama. Nikaanza kumsimulia habari za misumari. Akasema atapitia kesho.

Jumatatu, 9 Machi

Leo shemeji alikaa mbele ya benchi lake kama waziri. Watu wakauliza simu. Mwezi uko mbali kiasi gani? Ikajibu. Ubongo una uzito gani? Ikajibu. Jibu fupi, sahihi, basi. Mtu akapiga miayo. Shemeji akauliza nani ana swali jingine. Hakuna.

Mimi nilikuwa naongea na kiatu changu, kwa sauti kidogo tu. Nakieleza jinsi sumaku ya hospitali ilivyonivuta kwa misumari kumi na mbili, nikaning'inia kwenye mashine kama koti, madaktari sita wananivuta miguu. Nikasikia kitu kinakwaruza. Watu wanarusha miguu upande wa pili. Benchi halina mgongo! Liko kwake, ila vilivyoelekea kwake ni visogo tu. Nyuso ziko kwangu.

Mtu akasema hatusikii vizuri, sogezeni. Wakanyanyuka nalo wenyewe, likarudi kwenye miguu yake ya vumbi.

Shemeji akavumilia mpaka kwenye madaktari sita. Akaja na kigoda chake akakaa, akasema anakuja kuhesabu uongo tu. Akauliza ikawaje. Nikamwambia nilishuka mwenyewe, nikaona kifuniko cha mashine kimeachia, nikakipiga misumari yangu miwili, na mpaka leo wanaitumia.

Akaruka. Akasema hiyo sasa haikubaliki, simu iulizwe. Nikasema iulizwe! Keshokutwa, mbele ya watu. Yeye kaweka mkasi wake. Mimi nimeweka kigoda ninachokalia kazini, na sina kingine.

Mke wangu kauliza nikishindwa nitashona nimesimama kama twiga? Hana imani huyu.

Simu ya mjukuu nimeshaieleza tangu saa kumi na mbili jioni. Imekubali.